Gari Kubwa la Familia: Anzeni na Kiti cha Nyuma



Kila mara likelemba inapokaribia kugawanywa, swali moja linarudi katika mikutano yetu: "Tununue gari gani?" Si gari dogo la baba kwenda kazini. Ni gari kubwa, la kubeba watoto na mama mkwe, mizigo ya soko, waimbaji wa koro, mgonjwa wa kupeleka Nyankunde, na siku nyingine watu wa kwenda matanga Komanda. Vikundi vingine vinataka gari moja la kikundi, lifanye kazi na kuingiza franga. Familia zingine zinataka la kwao peke yao. Na wote wanauliza juu ya magari yaleyale tunayoyaona kila siku hapa Bunia: Toyota Noah, Toyota HiAce, na jipu refu la Land Cruiser lenye viti vya pembeni.

Juma hili tunayapima hayo matatu. Tutaeleza kila moja linafaa kwa nini na linashindwa wapi, halafu mama atachagua kufuatana na safari zake na mfuko wake. Kipimo chetu ni kimoja. Kabla ya kulitazama gari mbele, ingieni mkae kwenye kiti cha nyuma kabisa, pale katikati, na mtoto mapajani. Mbele wanakaa shofere na mwenye gari. Nyuma tunakaa sisi na watoto. Basi gari la familia lipimwe kule nyuma.

Andikeni safari kwanza

Mama anayeuza vitambaa soko kuu na anayelala Mudzipela hana safari moja na mama anayeleta maharagwe kutoka Gety. Chukueni daftari, muandike safari zote za miezi mitatu: wapi, watu wangapi, mizigo gani, kiangazi ao wakati wa mvua. Mtaona mara moja kama mnahitaji gari kila siku ao mara mbili tu kwa mwezi.

Irumu yetu haina barabara ya namna moja. Ndani ya mji wa Bunia shida ni vumbi, mashimo na moto zinazopita kila upande. Kwenda Marabo, Nyankunde na Komanda gari la kawaida linapita, lakini mvua ikinyesha sana mambo yanabadilika. Kwenda Kasenyi, baada ya Bogoro, barabara inashuka hadi kwenye ziwa Albert. Bunia iko juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 600, kwa hiyo ni mteremko wa kuchosha freni. Kwenda Gety ao Boga wakati wa mvua, gari la chini linaweza kulala njiani. Gari moja halitashinda barabara zote hizi kwa bei ndogo. Anayewaambia kwamba linashinda zote anataka kuliuza.

Toyota Noah

Hili ni gari la familia kweli. Lina viti 8: viwili mbele, vitatu katikati, vitatu nyuma. Linaingia katika uwanja mdogo wa nyumba, linageuka kwa urahisi katika njia za kartie, na mtoto ao mama mzee anapanda bila kuinua mguu sana. Milango ya kusukuma iko pande zote mbili, na hilo ni jambo kubwa, tutalieleza mbele. Kiti cha nyuma kinakunjwa pembeni, na nafasi ya mizigo inapatikana.

Lakini tazameni vizuri. Viti vyote 8 vikijaa watu, nafasi ya mizigo nyuma inabaki kidogo sana: mifuko michache, basi. Tena, kule Japani gari la namna hii linahesabiwa kwa kilo 55 kwa kila mtu. Viti 8 ni kilo 440. Sisi wamama tunajuana, wengi wetu tumepita kilo 55. Mama wa kilo 60 akipanda na gunia la kilo 100, mbele ya springi yeye ni kama watu watatu. Noah yenye watu 8 na magunia mawili juu inaburuta tumbo lake kwenye mashimo, na fundi atakula faida yote.

Jambo lingine ni injini. Noah nyingi tunazoziona ni za kizazi cha 2001 hadi 2007. Injini yake ya esansi, ya lita 2, inapuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda. Injini ya namna hiyo haipendi esansi chafu. Ikiwa mnanunua esansi ya chupa pembeni ya barabara, ile ambayo hatujui imechanganywa na nini, jueni kwamba gari hili litalalamika mapema. Kwa mama anayezunguka mjini na kununua esansi kwenye stesheni anayoamini, Noah ni gari zuri. Kwa mama wa safari za vijijini, litamsumbua.

Toyota HiAce

HiAce ilianza kutengenezwa mwaka 1967, na umbo tunaloliona zaidi leo lilitoka mwaka 2004. Sababu ya kupendwa kwake si siri. Inabeba watu 14 ao 15 kufuatana na aina, mafundi wengi wanaijua, na vipande vyake vinapatikana. Zile za mazuti zisizo na turbo zinavumilia kazi ngumu miaka mingi kama mafuta ya injini yanabadilishwa kwa wakati. Kwa kikundi kinachotaka gari liingize franga, HiAce inaweza kubeba wanafunzi asubuhi, wauzaji wa soko mchana, na Jumapili watu wa kanisa.

Sasa udhaifu wake. Wa kwanza: injini iko chini ya viti vya mbele. Mbele ya miguu ya shofere na ya abiria wa mbele hakuna injini ya kuwakinga, ni bati tu. Gari likigonga kitu, miguu yao ndiyo inafika kwanza. Kwa hiyo mtoto asikae mbele, hata akililia dirisha.

Wa pili: ni gari refu la kimo, na sisi tunapenda kupakia juu. Magunia, magodoro, ndizi, mbuzi, vyote vinapanda juu. Uzito ukikaa juu, gari linayumba katika kona na linaanguka upesi. Mizigo mizito ikae chini ndani ya gari. Juu wekeni vitu vyepesi tu.

Wa tatu ni tabia yetu wenyewe na mashofere wetu. Kiti kimetengenezwa kwa watu watatu, shofere anasema "songeni kidogo," na tunakuwa wanne. Halafu kinatolewa kiti kidogo cha kukunja katikati ya njia. Halafu watoto mapajani, hawahesabiwi. Gari la watu 14 linaondoka na 20. Kwa shofere, hao sita wa zaidi ni franga. Lakini anayekaa nyuma katikati hana mkanda, hana njia ya kutoka upesi, na amefungiwa na mizigo mlangoni. Tukinunua gari letu wenyewe na kulijaza vilevile, tutakuwa tumenunua hatari ileile kwa franga zetu.

Na mtoto mapajani? Tunafikiri mikono ya mama inatosha. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na likisimama ghafla kwa kugonga, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu ya kilo 200 na zaidi. Hakuna mama anayeweza kushika uzito huo. Mama mwenyewe bila mkanda atamlalia mtoto. Kwa hiyo hesabuni mikanda inayofanya kazi pamoja na viti. Gari la viti 14 lenye mikanda mitatu lina mahali pa watu watatu tu penye ulinzi.

Jipu refu la Land Cruiser

Hili ndilo gari la hospitali, la mashirika na la misioni. Liko juu, linavuta magurudumu yote manne, na aina nyingi zina injini ya mazuti ya lita 4.2 yenye silinda 6, bila turbo. Injini hiyo inajulikana kwa uvumilivu. Nyingi zina matanki mawili, na yote mawili yakijaa gari linabeba karibu lita 180. Kwenda Boga wakati wa mvua, hakuna katika hayo matatu linaloweza kulishinda.

Lakini mkae nyuma. Viti ni mabenchi mawili ya pembeni yanayotazamana. Abiria anakaa ubavu, kichwa hakina pa kuegemea, na mara nyingi mkanda hakuna kabisa. Kila shimo linapiga mgongo. Mama mwenye mimba ya miezi saba akikaa pale kutoka Gety mpaka Bunia, atafika amechoka kuliko aliyekuja kwa miguu. Tena bei yake ni kubwa kuliko Noah na HiAce, na mazuti yanakwenda. Kikundi kikichanga miaka mingi kununua jipu la kusafiri mara mbili kwa mwezi, franga zimelala. Kwa safari chache za barabara mbaya, ni afadhali kukodi jipu siku ile, pamoja na shofere anayeijua njia, na franga zingine zibaki kwenye sanduku la kikundi.

Volani na mlango

Hapa tunaomba msome polepole, hata ninyi ambao hamtanunua gari.

Sisi Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara. Uganda, Kenya na Japani wanapita kushoto. Magari mengi yanatufikia kutoka Japani kwa njia ya Mombasa na Uganda, yanaingia kwa Mahagi ao Kasindi, na volani yake iko kuume kama kwa wale wanaopita kushoto. Jambo hilo linaleta hatari mbili.

Ya kwanza: shofere akiwa nyuma ya lori, hawezi kuona mbele kabla ya kulipita, kwa sababu amekaa upande wa majani. Ni lazima atoe gari lote katikati ya barabara ndipo aone. Basi aliyekaa mbele kushoto awe mtu mzima mwenye macho, asiwe mwenye usingizi. Na abiria wote wawe na haki ya kusema "usipite" bila kutukanwa.

Ya pili ni mlango wa abiria. HiAce nyingi za abiria za kutoka Japani zina mlango mmoja wa kusukuma, upande wa kushoto. Kule kwao kushoto ni pembeni ya barabara, penye usalama. Kwetu kushoto ni katikati ya barabara. Mtoto wa shule akiruka chini, anaruka mbele ya moto inayokuja. Ndiyo maana tulisema milango ya Noah ya pande mbili ni jambo kubwa. HiAce zenye milango pande zote zipo pia, kwa hiyo ulizeni hizo kwanza. Kama mmekwisha kununua yenye mlango wa kushoto tu, wekeni sheria: gari litoke kabisa barabarani, mtu mzima ashuke wa kwanza, atazame nyuma na mbele, ndipo watoto washuke, na wazunguke nyuma ya gari wakiwa wameshikwa mkono. Sheria hiyo haina gharama yoyote.

Siku ya kulitazama gari

Msiende mama mmoja na muuzaji. Nendeni watatu, na fundi ambaye hapati kitu kutoka kwa muuzaji. Mlipe fundi ninyi wenyewe.

Fikeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Wekeni mkono juu yake. Ikiwa ina moto, muuzaji ameiwasha kabla yenu, na pengine kuna jambo analolificha. Iwasheni. Moshi wa bluu usioisha ni mafuta ya injini yanayoungua. Moshi mweupe mwingi usioisha hata injini ikipata moto unaweza kuonyesha maji yanaingia ndani. Fungueni kifuniko cha mafuta ya injini, na mkikuta kitu kama maziwa chini yake, salimieni mwenye gari mwende zenu.

Someni mipira. Pembeni ya kila mpira kuna tarakimu nne za mwisho. Ikiandikwa 2319, ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unaweza kuwa na meno mazuri na kuwa mzee, na mpira mzee unapasuka mahali pa mbio ao katika mteremko.

Kisha lijazeni gari. Muuzaji atawapeleka wawili kuzunguka kartie, na gari litakuwa zuri. Ombeni kulijaribu na watu wote wa viti, kwenye kilima. Mara moja mtaona kama springi zimekufa, kama freni zinashika, na kama harufu ya moshi inaingia nyuma. Anayekaa nyuma kabisa atoe maneno ya kwanza. Kama anayelia kichwa kinamuuma baada ya dakika kumi ni yeye, msikilizeni. Moshi wa gari ndani si jambo la kuvumilia, unaua.

Na kwa ajili ya Kasenyi: ulizeni fundi juu ya freni peke yake. Katika mteremko mrefu, shofere mzuri anashuka na gia ndogo na kuacha injini ishike gari. Shofere anayekanyaga freni toka juu mpaka chini anazichoma, na chini hazitashika tena. Kama shofere wenu hajui hilo, asiendeshe Kasenyi.

Neno juu ya kuzima njiani

Kwa nchi ya amani, gari linalozima njiani ni hasara ya saa chache. Kwetu ni jambo lingine. Katika miaka hii, kati ya Komanda na Luna, kwenye barabara ya taifa namba 4, mara nyingi magari yamepita kwa msafara pamoja na wanajeshi. Msafara haungoji gari bovu. Linalozima linabaki nyuma na watu wake. Kwa hiyo betri nzuri, mpira wa akiba wenye hewa, jeki, maji na mkanda wa injini wa akiba vinalinda uhai wa walio ndani. Kabla ya kutoka, ulizeni habari za njia siku ileile, na saa ya kurudi iwe kabla ya giza.

Jina kwenye karatasi

Tumeona vikundi vinavyopima injini kwa makini na kusahau karatasi. Karte roze ndiyo inayoonyesha mwenye gari. Wamama 20 wanachanga, karte roze inaandikwa jina la bwana wa mmoja wao "kwa sababu yeye anajua mambo ya gari." Siku ya ugomvi ao ya kifo, ndugu za bwana wanakuja kuchukua gari, na wamama 19 hawana neno la kuonyesha.

Wengine wanasema mwanamke aliyeolewa hawezi kuandikisha kitu bila ruhusa ya bwana. Hayo ni ya zamani. Sheria ya familia ya 1987 iliomba ruhusa hiyo. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa. Sheria inataka wanandoa wapatane juu ya mambo yanayowafunga wote wawili, na kupatana ni vizuri, lakini haimzuii mama kuwa na jina lake kwenye karte roze. Kwa gari la kikundi, andikeni pia karatasi ya mapatano: nani alitoa kiasi gani, jina la nani liko kwenye karte roze kwa niaba ya wote, na mtu akitoka anarudishiwa nini. Kila mmoja atie sahihi mbele ya mashahidi na abaki na nakala. Bima nayo isomwe: imeandikwa abiria wangapi? Mkipakia zaidi, mmejiweka nje ya bima ninyi wenyewe.

Tunavyoona sisi

Kwa familia moja ya mjini yenye watu saba ao wanane na mizigo midogo: Noah, kama esansi ni safi na safari ni za Bunia na karibu yake. Kwa kikundi chenye kazi ya kila siku: HiAce ya mazuti, yenye milango pande zote kama inapatikana, mikanda kwa kila kiti, na sheria ya kutopita idadi ya viti hata siku ya soko. Kwa Gety na Boga wakati wa mvua: kodini jipu. Na kama daftari lenu la safari linaonyesha mara mbili tu kwa mwezi, msinunue kitu. Kodini, na franga zilipe masomo ya watoto.

Vikundi vinavyotaka kupima gari kabla ya kutoa franga vituletee habari katika mkutano wa juma lijalo, na daftari la safari mkononi. Tutakaa pamoja tuhesabu. Mungu awalinde njiani.